Risasi za Kihindi, Ndugu wa Kimarekani

Ukiwa Kilosa au Mikumi, ukisimulia kisa ambacho wasikilizaji wamekikataa, utakatishwa kwa maneno manne tu: "Hilo picha la Kihindi." Maana yake umezidisha. Umechelewa kazini kwa sababu pikipiki iliharibika, sawa, tunakuelewa. Lakini kama pikipiki iliharibika, mvua ikanyesha, ukajibanza barazani kwa mama mmoja, mama huyo akawa mwalimu wako wa darasa la tatu, na mwalimu akatokea kuwa shangazi yake bosi wako, hapo watu wanaanza kusubiri uimbe. Sijawahi kusikia mtu akiambiwa "hilo picha la Kimarekani." Hollywood imepewa heshima kubwa hapo, na nadhani haikuifanyia kazi.

Wanaoongoza kwa kicheko hiki ni sisi tuliosoma. Tulipofika sekondari tukakutana na Newton, na tangu siku hiyo hatuwezi kumwona Mithun Chakraborty akirusha ngumi moja wakaanguka watu sita bila sisi kutoa ripoti ya fizikia. Saa mbili baadaye, kwenye benchi hilohilo, tumetulia tuli mbele ya Arnold Schwarzenegger katika Commando (1985). Mzee mzima amesimama uwanjani, kifua wazi, jeshi zima linammiminia risasi kwa bidii, na wote wanamkosa. Newton tumemwacha mlangoni pamoja na kandambili.

Kwa hiyo hakuna sinema ya kweli na sinema ya uongo hapa. Zote zinadanganya, ila kila moja imechagua mahali pake pa kudanganyia. Picha la Kihindi linadanganya kuhusu risasi. La Kimarekani linadanganya kuhusu ndugu. Kwa mtu aliyekulia wilaya ya Kilosa, huo uongo wa pili ndio mkubwa zaidi, na ndio ambao hatukufundishwa kuucheka.

Kwa umri, sinema ya Kihindi ni dada mkubwa kwetu. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilijaza kumbi za Zanzibar na Dar es Salaam, na watu walizishika nyimbo zake bila kujua neno la Kihindi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990, hivyo miji midogo ya mbali na kumbi ilizipata picha nyingi kupitia kanda za video na banda la mabati ambalo leo tunaliita kibanda umiza. Nje kuna ubao wa chaki: saa nane Kihindi, saa kumi Kizungu, usiku mpira. Mmarekani hajapewa hata jina lake. Yeye, Mwingereza na yeyote mwenye bunduki kubwa na nywele za njano wanaingia kwenye "Kizungu."

Lakini Mzungu mmoja aliingia mpaka jikoni. Rambo alipata umaarufu hadi mfuko wa plastiki ukaitwa jina lake. Mama alikutuma dukani akakwambia nyanya zitiwe kwenye rambo, naye hajawahi kuona hata dakika moja ya Sylvester Stallone. Mtu ambaye majeshi yalishindwa kumtoa msituni, Serikali ya Tanzania ilimpiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, pamoja na mifuko mingine yote ya plastiki ya kubebea bidhaa.

Sasa mtazame huyo Rambo kwa jicho la Kilosa. Katika First Blood (1982) anatokea barabarani kwa miguu, begi begani, anamtafuta rafiki yake wa jeshini, anaambiwa amekufa, anaendelea kutembea. Baba yake nani? Kwao wapi? Ametoka vitani, nani alimpokea, nani alimchinjia hata kuku? Polisi wanamsaka siku kadhaa na hakuna mjomba anayefika kituoni kuuliza kijana wetu amefanya nini. Mapango, helikopta na kujishona jeraha mwenyewe tunavimeza bila maji, lakini mtu mzima asiye na hata shemeji ni kiumbe cha sayari nyingine. Commando wamejitahidi kidogo, wamempa mhusika wao binti mmoja. Kazi ya binti huyo ni kutekwa. Katika sinema za Kizungu za aina hii, ndugu ni kama glasi mezani kwenye picha la ngumi: ukimwona tu, jua atavunjwa.

Upande wa pili weka Amar Akbar Anthony, picha la Manmohan Desai la mwaka 1977. Ndugu watatu wanapotezana utotoni. Mmoja analelewa na Mhindu, mmoja na Mwislamu, mmoja na Mkristo. Miaka inapita, mama mmoja anahitaji damu, na vijana watatu wasiojuana wanalazwa vitandani kumchangia. Mirija inatoka mikononi mwao, damu inapanda juu, inakutana kwenye chupa moja, kisha inashuka moja kwa moja kwa yule mama, ambaye bila shaka ndiye aliyewazaa. Muuguzi yeyote akiona tukio hilo atatoka nje kupunga hewa. Damu haipandi mlima hivyo, na hakuna hospitali inayochanganya damu ya watu watatu kama supu.

Ila weka mirija pembeni, uangalie kilichobaki: mama mmoja, watoto watatu, dini tatu. Mkoani Morogoro hilo halihitaji hata kuelezwa. Nyumba yenye Rajabu na Joseph waliotoka tumbo moja ni nyumba ya kawaida, Idi wanakula wote, Krismasi wanakula wote, na msiba ukitokea wanakaa chini kujadili taratibu za nani zifuatwe. Picha limekosea sayansi yote na limepatia ukoo wote. Sisi tunatoka bandani tukicheka mirija.

Mahali pazuri pa kuzipima sinema hizi ni pale zinapokopeshana kisa, kwa sababu hapo kisa ni kilekile na kinachobadilika ni nchi. Memento (2000) ya Christopher Nolan inahusu mwanamume asiyeweza kutunza kumbukumbu mpya, anayemsaka muuaji wa mkewe kwa kujichora tatuu na kupiga picha. Wahindi walilichukua wazo hilo wakalifanya Ghajini, ya Kihindi ikatoka mwaka 2008 na Aamir Khan ndani yake. Memento inakwisha kabla ya saa mbili na inakwenda kinyumenyume, mwisho ukiwa mwanzo, kwa hiyo unatoka umechoka kama uliyefanya mtihani. Mke aliyeuawa tunamwona kwa vipande. Ghajini inachukua saa tatu, na sehemu kubwa haina kisasi chochote: tunakaa na msichana Kalpana, tunamwona anavyosema uongo wake mdogo, anavyowasaidia wasichana wasio na mtetezi, anavyopendwa. Nyimbo zinaimbwa, vichekesho vinapita. Anapouawa, banda zima linajua kilichopotea.

Wasomi wa sinema watakwambia Memento ni kazi ya juu zaidi, na kwa ufundi sitabishana nao. Lakini swali la Nolan ni kama mtu anaweza kuiamini akili yake mwenyewe, na swali la Ghajini ni nani huyo aliyekufa. Ukienda kwenye msiba wowote wa Kilosa utasikia swali la pili likiulizwa tangu getini. La kwanza utalisikia chuo kikuu.

Jozi nyingine inatupeleka stesheni. Katika Forrest Gump (1994), Tom Hanks anakaa kwenye benchi la kituo cha basi, anasimulia maisha yake kwa yeyote anayekaa kando yake. Wasikilizaji wanabadilika, wanasikiliza kwa adabu au kwa kutega, basi lao likija wanaondoka. Mwaka 2022 Aamir Khan akaifanya Laal Singh Chaddha. Boksi la chokoleti likageuka golgappa, na benchi la basi likageuka behewa la treni. Badiliko hilo la pili ndilo linalonifurahisha, kwa sababu aliyelifanya anaijua treni. Ndani ya behewa msikilizaji hana basi lake la kupanda. Mnaanza wawili, wa siti ya nyuma anasogeza kichwa, na baada ya stesheni mbili habari yako imekuwa mali ya behewa.

Mji wa Kilosa umekaa kwenye reli ya kati tangu enzi za Wajerumani, na aliyepanda treni ya zamani kupita hapo anajua kwamba Wahindi hawakuzidisha chochote. Mtu aliyepanda Morogoro akiwa na siri, akifika Kilosa ameshashauriwa kuhusu ndoa yake, ameelekezwa mganga na ameonjeshwa kuku wa mtu. Kama tutaendelea hivyo kwenye treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 na kupita kwenye mahandaki ya huko Kilosa, ni jambo la kusubiri. Siti zake zinatazama mbele, ina baridi ya kiyoyozi, na kila mtu ana simu masikioni. Huenda tukawa tunahama polepole kutoka behewa la Laal kwenda benchi la Forrest, na nauli tumelipa wenyewe.

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi, ugomvi wa sinema hizi mbili unahamia kwa wanyama. Mji wa Mikumi umelala kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, na barabara hiyo inakata katikati ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Abiria wa basi anaona tembo bila kulipa kiingilio, na mkulima anamwona bila kumwalika. Watu wa hapa hawahitaji sinema iwafundishe mnyama ni nini. Ndiyo maana ni wahakiki wazuri.

Mnyama wa Kimarekani ana njaa. Papa wa Jaws (1975) ana njaa. Nyoka wa Anaconda (1997) ana njaa kiasi kwamba anammeza Jon Voight, anamtapika, na Voight anakonyeza jicho kabla ya kufa. Mnyama wa Kihindi ana kesi. Katika Nagina (1986), Sridevi ni nyoka jike aliyevaa umbo la mwanamke. Hana haja ya kummeza mtu. Ameolewa, ana mume, ana mama mkwe anayeanza kumtilia shaka, na ana mganga wa nyoka, Amrish Puri, anayemsaka kwa filimbi. Nyoka mwenye mama mkwe! Tunacheka, lakini tunacheka tukiwa na bibi zetu waliotuhadithia majoka yaliyojigeuza wachumba wazuri kuliko wote kijijini. Bibi akiangalia Nagina atakosoa mavazi tu.

Kwa tembo, Wahindi walitoa Haathi Mere Saathi mwaka 1971. Rajesh Khanna amelelewa na tembo, anawapenda kuliko watu, mpaka anapooa na kupata mtoto, mke akaogopa kwamba tembo atamuumiza mtoto huyo. Mume anatakiwa achague, na tembo anakuwa kama mke mwenza. Mwishowe tembo anapokea risasi iliyokuwa ya bwana wake na kufa, na ukumbi mzima unalia. Mtu wa Mikumi aliyelala shambani akipiga debe usiku kucha ili tembo asimalize mahindi yake atamwelewa yule mke kabla ya mtu mwingine yeyote. Huenda ndiye mtazamaji pekee duniani anayemshangilia.

Wamarekani nao wana simba wao, na kwenye hao wamefanya vituko viwili. Cha kwanza ni The Ghost and the Darkness (1996), kuhusu simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Waliokuwa wakijenga na kuliwa wengi ni vibarua Wahindi na Waafrika, na aliyewaua simba ni Mwingereza, Patterson. Katika habari hiyo hapakuwa na Mmarekani hata wa kupita njia. Hollywood ikamtengeneza, mwindaji aitwaye Remington, ikampa Michael Douglas. Hatukuliita hilo picha la Kihindi.

Cha pili ni The Lion King (1994), iliyokopa majina na msemo kutoka Kiswahili. Hapo, mara moja, Hollywood ilikubali kwamba stelingi ana ukoo. Ikampa baba, mama na baba mdogo. Baba mdogo akamuua baba.

Kuna uongo mwingine ambao hauchekeshi sana ukiufuata mpaka mwisho. Kila aliyeangalia televisheni na wazazi anajua zile sekunde ambazo Wazungu wawili wanasogezeana nyuso, baba anakohoa, mama anakumbuka kitu jikoni, na mtoto mdogo kuliko wote anatumwa maji. Picha la Kihindi la zamani halikutupa shida hiyo. Maua mawili yanagusana, mvua inanyesha, na tukirudi msichana anatapika. Tunaangua kicheko: mara moja tu? Katika sinema ya Kizungu watu hulala pamoja picha zima bila mtu kushika mimba, isipokuwa mimba hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mfano mkubwa ni Aradhana (1969). Usiku mmoja wa mvua, wimbo mmoja mbele ya moto, na Sharmila Tagore ana mimba. Mchumba wake, rubani, anakufa. Ukoo wa rubani unamkana. Anamtoa mtoto alelewe na wengine, kisha anaingia nyumba hiyohiyo kama yaya wa mwanawe mwenyewe. Mtoto akikua anakuwa Rajesh Khanna yuleyule aliyekuwa baba yake, mpaka mtindo wa nywele. Hapo cheka, ni haki yako. Lakini rudi nyuma kidogo: usiku mmoja, mimba, mwanamume hayupo, ukoo unasema hatumjui. Nchini kwetu, mpaka Serikali ilipobadili msimamo Novemba 2021, msichana wa shule ya serikali aliyepata mimba alipoteza nafasi yake darasani. Msichana wa sekondari ya wilayani anayetoka bandani akiwa amecheka Aradhana na kuamini ile ya Kizungu ametoka na elimu mbaya, na hakuna aliyemwonya kwamba ya Kizungu ndiyo iliyozidisha.

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kuwapa Wahindi kombe. Wakimaliza kusema kweli kuhusu uzito wa ukoo, mara nyingi wanadanganya kuhusu namna ya kuutua. Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995) inaishia stesheni. Shah Rukh Khan yuko mlangoni mwa treni inayoondoka, ana damu usoni. Kajol ameshikwa mkono na baba yake, Amrish Puri tena, aliyekwisha kumchagulia mume. Binti analia. Baba anatazama, anatazama, kisha anaachia mkono na kumruhusu aende. Binti anakimbilia treni. Ni saa tatu na zaidi za kuheshimu wazee, zikilipwa kwa vidole vitano vinavyofunguka.

Huo ndio uongo mkubwa kuliko mirija yote ya damu, na hatuucheki kwa sababu tunautaka. Kuna vijana walioahirisha maisha yao wakisubiri vidole hivyo. Kabila si lenu, dini si yetu, mahari haijatimia, sisi ni wakulima wao ni wafugaji, na hili la mwisho si neno jepesi wilayani Kilosa, ambako wakulima na wafugaji wamewahi kuuana. Treni zimeondoka nyingi, na baba hakuachia.

Wahindi wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 1988, miaka saba kabla, walitoa Qayamat Se Qayamat Tak, ambamo Aamir Khan na Juhi Chawla wanapendana katikati ya uhasama wa koo zao. Wazee hawalainiki kwa wakati, na vijana wote wawili wanakufa. Kwa kanuni ya kibandani kwamba stelingi hafi, picha hilo ni kosa la jinai. Ukiliweka kando ya DDLJ unapata mtihani mzima: sinema moja, ukoo uleule, stelingi mmoja anaondoka na treni na mwingine amelala chini. Mmarekani hapati mtihani huo, maana stelingi wake alishatoka nyumbani kabla picha halijaanza.

Kwa hiyo tukisema "picha la Kihindi" tuwe tunataja sehemu. Ukikusudia ngumi, nakubali. Ukikusudia shangazi wa bosi aliyetokea kuwa mwalimu wako, nenda Kilosa mjini, kaa kwenye baraza yoyote kwa nusu saa, utaje jina la ukoo wako, uone. Na wale wanaotengeneza sinema zetu, ambao wameshatufundisha kulia kwa namna ya Kihindi na kushika bastola kwa namna ya Kimarekani, wana stesheni tupu inayowasubiri. Bado sijaona picha la Kiswahili ambamo treni inaondoka, baba hajaachia mkono, hakuna anayekufa, na binti anatakiwa aamke kesho yake, nyumba ileile, achemshe chai ya watu wote.